Bega Langu Kwenye Kipoyi

Afadhali niseme mwenyewe, maana mtaani kwetu Nyakasanza wote wamekwisha kunicheka.

Wakati ule wa vita magari hayakupita tena, basi wanaume wanne tulijiunga kubeba wagonjwa hadi hospitalini kwa kipoyi, kitanda cha miti kinachobebwa mabegani. Mimi nilichaguliwa kuwa shefu wa ekipe, yaani kiongozi wa kikundi chetu, nadhani kwa sababu ya sauti yangu.

Asubuhi moja tulimbeba Mama Furaha, jirani yetu aliyevunjika mguu akikimbia risasi. Usiku hatukuwa tumelala, wala hatukuwa tumekula. Tulipovuka mto na kuanza kupanda, kipoyi kikawa kizito, kikainamia upande. Nikawahubiria wenzangu.

"Ekipe ni kusaidiana. Mutu moja akilegea, siye wote tunaanguka."

Nikamshuku Musa, aliyekuwa mbele yangu, nikamwambia abebe kama mwanaume. Akaendelea kupanda.

Mbele kidogo kipoyi kikainama zaidi, mama akaponea chupuchupu kuanguka. Nikaamuru tukiweke chini.

"Nani hapa habebi?" nikauliza kwa ukali.

Wote watatu wakatazama chini. Aliyejibu ni Mama Furaha, polepole, kwa sauti ya mtu mwenye maumivu.

"Ni weye, baba. Tangu kule mutoni hauko unanibeba, unaning'inia tu, saa ingine na macho umefunga. Nilitaka kusema, Musa akanifanyia ishara ninyamaze, sababu umechoka. Hawa wenzako wanatubeba siye wawili."