Ubao wa Mlangoni

Mwalimu Loisi haoni tangu surua imuibie macho akiwa na miaka minne, na ndiye mteja pekee aliyewahi kunirudisha kazini mara tatu. Mimi, Mbwana wa Busi, niliyetandika mbao nusu ya nyumba kubwa za Dodoma!

Alifundisha nukta nundu mpaka alipostaafu, akajenga hapo Buigiri, kisha akaniita nitandike sakafu ya mbao sebuleni. Nikaleta mninga. Nikaupanga ndani wiki mbili uzoee hewa ya nyumba, ndipo nikaanza kupigilia, huku nikiacha upenyo kidogo ukutani maana mvua zikija mbao hutanuka. Yeye yuko kwenye kigoda na chai yake, anauliza kila kitu, ananitania eti Warangi midomo yetu inafanya kazi kuliko nyundo. Nilimpenda bure.

Siku ya msasa akavua ndala, akapita ubao kwa ubao. Akasema hapa bado. Nikainama, kweli bado. Kesho yake bado tena, karibu na dirisha. Mara ya tatu nilishafura, ila nyayo zake zilikuwa zimeona nilichokiruka mimi mwenye macho mawili mazima, basi nikasugua tena. Ndipo akaniruhusu kupaka vanishi.

Ilipokauka, ukabaki ubao mmoja mlangoni unaolia ukikanyagwa. Hiyo kwa fundi ni aibu. Nikashika nyundo.

"Uache huo," akasema.

Nikamwambia haiwezekani, watu watasema Mbwana kazeeka. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akanieleza kwamba tangu mumewe afariki, watu wanaingia kwake bila hodi. Kwa kuwa haoni, wanaona hakuna haja. Wanasimama wanamtazama anavyokula, anavyojifunga khanga, kisha wanatoka zao, na sakafu ya saruji aliyokuwa nayo kabla haikuwahi kumwambia kitu.

"Nataka nijue kuna mtu ndani mwangu, Mbwana. Basi."

Wallahi nyundo ilinilemea. Nikang'oa hata msumari uliokuwa umeushika ule ubao, ulie vizuri zaidi. Mimi ninayegombana na wenzangu kwa mlio mdogo kuliko huo! Nikaenda zangu nimeridhika, nikiwalaani njia nzima hao wasio na adabu.

Mwezi uliofuata nilikuwa napita Buigiri, nikasema nikamsalimie. Mlango ulikuwa wazi. Nikaingia tu, kama nilivyozoea wiki zote zile za kazi.

Ubao ukalia.

Mwalimu alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama, uso ukageukia mlangoni. "Karibu," akasema taratibu. "Nani mwenzangu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikarudi nyuma, ubao ukalia tena, nikasimama nje juani na kofia mkononi.

"Hodi," nikasema. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mbwana," akajibu, na nikamsikia anacheka. "Sasa karibu ndani."