Supu ya Kunipa Nguvu

Magoti yangu yalipoanza kulalamika kwenye ngazi za nyumba ninayokaa mtaani Satellite, niliamua kupunguza uzito. Niliacha nyama kwanza, baadaye kuku, halafu mayai na maziwa, mpaka nikabaki na ndengu, githeri na sukuma wiki. Kazini Kilimani sikumwambia mtu, nisije nikachekwa nikishindwa.

Sketi zilipoanza kunizunguka kiunoni, wenzangu wakawa wapole ghafla. "Usijichoshe, Wanjiru," walisema, wakinibebea mafaili. Nikadhani ni heshima ya kiuno kipya.

Ijumaa moja niliitwa kwenye chumba cha mikutano. Wote walikuwa wamesimama, nikajua ni sherehe yangu. Nikashika kiuno, nikazunguka kama mwanamitindo.

"Asanteni kwa kuona! Na bado, mtaniona nikipungua zaidi!"

Bosi wetu, Madam Mutua, akaangua kilio. Kando yake alisimama pasta na Biblia mkononi, na mezani palikuwa na bakuli la supu ya mifupa.

"Kunywa kidogo, Wanjiru, upate nguvu," Madam akanisihi.

"Siwezi, Madam. Nyama niliacha."

"Hata hamu ya chakula imeisha!" akazidi kulia.

"Mimi si mgonjwa!" nikasema, uso ukiniwaka. "Napunguza uzito tu, niko dayati!"

Pasta akafunga Biblia polepole. Mimi nikaisukuma ile supu mbali.