Afisa Aliyewekwa Dirishani

Uvumilivu wangu uliisha pale nilipomsikia mwenye studio ya picha, mtu mweusi kama mimi, akimwambia mteja kwamba yule mzungu kwenye fremu ni babu yake.

“Babu yako?” mteja akauliza.

“Mzaa baba. Alikuwa afisa,” akajibu, hana hata haya.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mtoto mgongoni, nimekuja mara ya saba kuulizia albamu ya Cucu, nyanya yangu aliyenilea. Mwenye studio aliniambia siku mbili. Sasa ilikuwa wiki ya tano. Kila nikienda, mara mashine imekataa, mara stima imepotea, rudi Jumatatu. Kumbe amebandua picha kwenye albamu yetu na kuiweka dirishani ivutie watu!

“Afisa ni kweli,” nikasema, na nadhani walinisikia mpaka stendi. “Wa jeshi la Latvia, huko Ulaya kwenye theluji. Na wewe ni mtu wa Kangema. Koo zenu zilikutana wapi?”

Mteja alicheka mpaka akashikilia kaunta.

“Mathe, tulia. Hiyo ni ya matangazo tu.”

“Mimi si mama yako. Leta albamu.”

Hakuleta. Nikazunguka kaunta nikaichukua mwenyewe, chini ya kikombe chake cha chai. Ile ya fremu alikataa kuitoa, ati ameibandika na gundi.

Cucu akiwa msichana alichunga kuku nyumbani kwa huyo afisa. Wakati huo mzee alikuwa ameshapoteza jeshi na nchi, anasimamia kiwanda cha mbao kupita mji wa Chaka. Alipofariki, mkewe alimpa Cucu albamu akiondoka, akasema hana tena mtu wa kumwonyesha. Cucu aliichukua kama kazi. Kila mtoto anayezaliwa kwetu hulazwa mapajani mwake na kutambulishwa kwa watu wote waliomo: wanajeshi juu ya farasi, akina mama wa kofia kubwa. Nusu yao yeye mwenyewe hawajui, lakini hilo halimzuii. “Huyu alipenda kulala. Huyu usimwachie kuku wako.” Ukurasa wa mwisho ni yeye mwenyewe, miguu mitupu, kuku kwapani. Hana picha nyingine ya utoto wake. Hiyo tu ndiyo niliyotaka studio iikuze, kwa sababu macho yake yanaingia ukungu haraka. Na mtoto wangu alikuwa na miezi mitano, hajatambulishwa. Ndiyo maana niliwaka.

Mchana huohuo Cucu alinawa mikono, akampakata mtoto, akafungua. Alisogeza kila ukurasa mpaka puani. Mtoto alijaribu kumla farasi. Tukafika mahali pa afisa: pembe nne za karatasi, katikati hamna kitu.

Cucu akapapasa kwa kidole. “Ameenda wapi?”

“Yuko mjini, dirishani. Amekuwa babu ya mtu.”

Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. “Basi amepata kazi! Hapa alikaa bure miaka mingi.” Kisha akamsimulia mtoto mbele ya ile nafasi tupu, jinsi mzee alivyomfundisha kupiga saluti, naye akawa anawapigia kuku kila asubuhi. Akapiga moja palepale. Mtoto akacheka kwa sauti, mara ya kwanza maishani mwake. Nilisahau hasira, kwa dakika kama mbili hivi.

“Lakini arudi,” Cucu akaniambia. “Andika. Ulisoma mpaka kidato cha nne ya nini?”

Kesho yake nilipeleka barua ofisi ya biashara ya kaunti, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu:

“KUH: PICHA YA FAMILIA ILIYOCHUKULIWA BILA RUHUSA

Mwenye studio iliyo karibu na stendi alikaa na albamu yetu wiki tano badala ya siku mbili, akabandua picha moja ya afisa na kuiweka dirishani. Naomba aamriwe kuirudisha upesi, maana nyanya yangu bado anaona kidogo na mtoto wangu hajamwona afisa huyo. Pia aache kuwaambia wateja kwamba ni babu yake. Ni wetu.”