Kinu Kisichozimwa

Subira sikuzaliwa nayo, na kile kiwanda cha Thika, katika miaka ya tisini, kilinimaliza kabisa. Tulisaga mawe kuwa unga wa kutengenezea rangi. Kinu chenyewe kilikuwa pipa kubwa la chuma lililozunguka usiku na mchana, ndani yake mawe, maji, na matufe ya chuma makubwa kama machungwa. Mimi, mhandisi mgeni, nilisikia mlio wake nikajua kinazunguka kasi mno: matufe yaliyaruka mawe na kugonga ukuta wa pipa. Siku moja ukuta ungepasuka.

"Nionyeshe," akasema mwenye kiwanda. "Sinunui puli ingine ya kukipunguza kasi kwa sababu ya masikio yako."

Basi nikaandika programu ya kompyuta ya kuigiza kinu, ichore kila tufe linavyopanda na linapoangukia. Hesabu zake zilitaka mchana kutwa bila kukatizwa. Lakini ofisi na kinu vilitumia laini moja ya stima. Kinu kikilemewa, taa zilififia, kompyuta ikajizima, nami nikaanza upya. Niliuma kucha. Nilizunguka meza. Kuihamishia kompyuta nyumbani kwangu, mtaa wa Mwihoko, haikuwezekana, maana landlodi alikataza hata pasi ya stima.

Nikamwomba fomeni aliyesimamia vibarua azime kinu siku moja tu.

"Madam, hii mashine haizimwangi. Hiyo uji ya mawe ikilala huko ndani, inashika kama simiti. Na hawa watu wa mtaa wa Kiandutu wakikosa kibarua leo, watakula kompyuta? Ngoja tu. Mvumilivu hula mbivu."

"Zangu zitaoza, mzee."

Vibarua wakaangua kicheko. Nilirudi ofisini nimefura kwa hasira, nikawasha kompyuta tena.

Asubuhi moja, nikiwa ndio nimeiwasha, kilisikika kishindo, kisha kimya. Pipa lilikuwa limepasuka. Hakuna aliyeumia, ila uji mweupe ulitiririka hadi mlangoni. Vibarua walisimama getini kwa muda, halafu wakashika njia ya Kiandutu, chakula chao cha mchana bado mkononi.

Ofisini taa hazikufifia hata mara moja. Jioni picha ilikamilika: matufe yalipanda, yakaruka mawe, yakagonga palepale chuma kilipoachana. Nilikuwa sahihi, na nilitamani kulia.

Fomeni aliingia, uji umemkaukia hadi magotini. Aliitazama ile picha bila kuketi.

"Si ulikuwa unataka izimwe, madam," akasema. "Haya, imezimwa."