Korongo wa Milima ya Nandi

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Mimi nami niliapishwa na Dani, bibi yangu mzaa mama, nisiseme kamwe alichofanya, ingawa nusu ya kanisa ilikuwepo. Sasa hayupo, na mdomo umenishinda.

Nilipokuwa mtoto tuliishi wawili tu, mimi na Dani, upande wa Ahero, chini ya milima ya Nandi. Mama alikwenda Uganda kuuza samaki, asirudi. Wengine walisema ameolewa Jinja. Wengine walinyamaza nikipita, na hao ndio walionitisha.

Kila mwaka, mvua za vuli zikiisha, korongo walikuja wengi wakifuata ukingo wa milima. Jua likipasha mawe, hewa iliwainua, wakazunguka na kupanda bila kupiga bawa. Watu wa kwetu waliamini kwamba ndege hao wamemwona kila aliyepotea.

"Waachie samaki kwenye kichanja cha vyombo," Dani aliniambia. "Wakimla, mama yako yu hai. Lakini usiwachungulie, watakunyima habari."

Basi niliweka kipande cha ngege mkavu, nikaenda mtoni, shingo nimeikaza nisigeuke. Nikirudi, samaki hayupo. Siku hiyo nilikula, nikalala. Kesho yake woga ulirudi, nikaweka kingine.

Ila sikuwahi kuona korongo hata mmoja akishuka. Walipita juu sana, wakielekea kusini, kama watu wasio na jamaa kwetu. Hata leo wakipita hutoka nje kuwatazama, peke yangu, hadi shingo iume.

Mchana mmoja akina mama wa kanisa walinikuta mtoni, tukaongozana kwenda kwetu kwa maombi. Mbele alikuwa jirani yetu Min Okoth, ambaye siri haikuwahi kulala kwake. Tulipoingia uani akasimama, akamtazama Dani.

"Mama, kumbe korongo ni wewe?"

"Na mbawa ameficha wapi?" mwingine akadakia.

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mimi nilichoelewa ni kwamba hakuna aliyemwona mama. Sasa nimefika umri wa Dani, najua aliyepotea alikuwa pia mwanawe, na kwamba nilipolala mimi, labda na yeye alipata usingizi kidogo.

Mkono mmoja wa Dani ulikuwa bado kwenye kichanja, mkia wa ngege ukitokeza kwenye leso yake, naye akinitazama mimi tu.