Raba Mpya Ndani ya Silinda Iliyokwisha

Ninaowaandikia, mlio wazima na mlio vitandani, nawasalimu. Mimi ni Kalunde, mama yao Lameck na Leonia, wa hapa Ipole. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mnivumilie mwandiko. Mchungaji Zakaria aliniomba nisimame kanisani niseme Mungu alivyoniponya. Nikamwambia nikisimama, watu watautazama mguu wasisikie maneno. Afadhali niandike, msomewe.

Kabla ya haya nilikuwa mtu wa miguu. Porini nilikwenda na wanaume kurina asali, nikarudi na ndoo kichwani, na jioni bado natwanga. Mume wangu Kasanda alipofariki, asali hiyo ndiyo iliyotulisha. Baadaye Lameck akapata pikapu kuukuu, tukawa tunapeleka asali Tabora mjini.

Breki za pikapu ziliugua kabla yangu. Lameck akikanyaga, pedali inazama polepole kama mguu kwenye tope, mpaka akanyage tena na tena ndipo gari lisimame. Tukaenda mjini, mtaa wa Kanyenye, kwa Fundi Pazi. Pazi ni Mzaramo, sisi Wanyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu. Mtani anaweza kukutajia kifo chako mbele ya wanao, nawe ukacheka. Hata msibani yeye ndiye wa kuwachekesha wafiwa. Hakuna kukasirika.

Akafungua silinda kubwa ya breki, ile inayosukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu. Akapitisha ukucha ndani yake.

"Ukuta umechimbika," akasema. "Hapa ni kuweka nzima mpya. Nitaagiza Dar."

"Mpaka ifike lini?" Lameck akauliza. "Mnunuzi wangu anaondoka kesho. Si ubadilishe raba za ndani tu?"

"Raba naweza. Ila nikiweka raba mpya humu, kesho nakuja Ipole kumlilia huyu bibi. Na wali wa msiba naula mimi."

"Utaula wapi na hayo meno," nikamjibu. "Nyie wa pwani mmezoea vya kulainishiwa."

"Basi tembeeni. Babu zenu walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku mpaka kwetu, mbona hawakulia breki?"

Tukacheka. Lameck akacheka mpaka akashika ukuta. Pazi akainua ile silinda akatuonyesha tena, akasema, "Lameck, hii imekufa." Safari hii yeye hakucheka. Lakini sisi tulikuwa bado tunacheka.

"Weka raba, mtani," Lameck akasema. Akaweka.

Kesho yake tulipakia asali. Mimi nilikaa mbele, nimepakata ndoo ndogo ya kumpelekea Leonia, ambaye ameolewa mjini. Tulipofika kwenye mteremko wa daraja, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara. Lameck akakanyaga. Pedali ikaenda mpaka chini ikabaki huko. Akakanyaga tena, hola. Akakata kona tukaingia kwenye mti.

Mguu wangu wa kulia ulibanwa chini ya dashibodi. Mfupa ulitoka chini ya goti, mweupe kama muhogo uliomenywa. Ndoo ilipasuka, asali ikamwagikia kidondani ikachanganyika na damu. Kisha nyuki wakaja. Siwezi kusema walinionea, walifuata asali yao. Wachungaji wa wale ng'ombe walinitoa huku wakiwapunga nyuki kwa mashuka. Lameck alichubuka paji la uso, basi.

Hospitalini Dakta Mabula aliunganisha mfupa kwa vyuma. Mwanzo tulitumaini. Halafu vidole vikawa vyeusi, usaha ukaanza kutoka, na harufu ikaja. Nilikuwa naisikia mwenyewe kama panya aliyefia darini. Nesi Rehema alikuwa na moyo, lakini alipofungua bandeji hata yeye aligeuza uso kidogo. Usiku homa ilinitikisa mpaka kitanda kikalia.

Dakta akaja, Lameck akiwepo. "Mama, nyama imekufa. Tukiuacha mguu, sumu itapanda tukukose wewe. Ni kuukata juu ya goti."

Lameck akadakia. "Dakta, si muusafishe tu mfunge upya? Tuone hiyo wiki ijayo."

Sauti ilikuwa ile ile ya gereji. Nikamtazama mwanangu niliyemzaa mwenyewe.

"Lameck, toka nje," nikasema. Akatoka. "Dakta, kata."

Wakakata. Maumivu yake sitayapamba. Mguu ambao haupo uliniwasha kwenye unyayo, nikawa nanyoosha mkono kujikuna, nakuta shuka. Nililia kwa hilo kuliko kwa kisu. Lakini homa ilishuka, chakula kikaanza kupita, na Rehema akanifundisha kusimama na magongo.

Huku nyuma, kijijini, Lameck aliwatangazia watu kwamba Mzaramo alitutabiria mabaya kwa mdomo wake. Wengine wakasema ni mpango wa Mungu. Namshukuru Mungu niko hai, lakini Mungu hakuwepo gereji akichagua raba. Aliyechagua ana jina, na jina hilo nilimpa mimi.

Pazi alikuja kuniona. Alisimama miguuni pa kitanda akasema, "Shikamoo, mama." Alikuwa hajawahi kuniamkia hivyo.

"Unaniamkia mimi?" nikamuuliza. "Uko wapi wali wako wa msiba?"

Hakucheka. "Nilisema, mama."

"Ulisema kwa utani."

"Ningesemaje? Ningekuja juu, mngesema nimevunja utani." Akafuta macho kwa mkono wenye grisi. Mpaka leo akiniona ni shikamoo, nami naitika marahaba. Mguu nimeuzoea kutokuwepo. Utani wa Pazi bado sijauzoea.

Nawashukuru Dakta Mabula, Rehema, na wale vijana wa ng'ombe, Masanja na Ngasa, ambao majina yao niliyauliza nikiwa kwenye machela. Mlio vitandani, daktari akikwambia kitu kimekufa, mwamini mapema, usingoje kunuka. Na mtani akikutajia kifo, cheka, kisha mvute pembeni umuulize tena bila kucheka.

Pikapu sasa ina silinda mpya kutoka Dar. Ilifika nikiwa bado wodini.

Wiki iliyopita raba ya chini ya gongo langu ililika, nikateleza mlangoni. Lameck akaliokota gongo akaligeuza. "Hii bado, mama," akasema. "Nakata kipande cha tairi nakubandikia."

Nikamnyang'anya gongo langu. Nikamtuma dukani.