Saa Tisa za Kukaa Kitini

Juzi, kwenye ofisi ya tiketi za ndege hapa Kisauni, mwanamke wa rika langu alitaka kwenda London kumkanda bintiye kwa maji moto akishajifungua, mpaka arubaini ziishe. Karani akamtazama magoti.

"Nyanya, kutoka Nairobi mpaka London ni karibu kilomita elfu saba. Saa tisa hewani. Utaweza kweli?"

Mwenzangu akavuta mtandio begani. "Huyo binti nilimwonea uchungu wa kuzaa siku mbili, mjukuu wangu. Hizo saa tisa naketi kitini naletewa chai. Kata tiketi!"

Akakata. Mimi nikapiga kigelegele mle mle ofisini. Magoti yetu mabovu, wallahi, lakini tangu lini ndege ikaendeshwa kwa magoti ya abiria?